Ijumaa ya Kanali Azali

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 30 Aprili 1999, askari walishika redio na majengo ya serikali mjini Moroni. Kulipokucha, Komoro ilikuwa na mtawala mwingine. Hakuna aliyeuawa. Mkuu wa majeshi, Kanali Azali Assoumani, aliyekuwa na umri wa miaka 40, alitangaza kwamba jeshi limechukua madaraka ili nchi isizame. Siku chache baadaye akaahidi kwamba halitayashikilia zaidi ya mwaka mmoja.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo haya. Mapinduzi ni yale ya Zanzibar ya 1964, yaliyobadili nani anamiliki ardhi na nani anatawala. Mapinduzi pia ni kanali aliyeamka usiku akiwa na funguo za ghala la silaha. Neno limetoka kwenye kupindua, kama wimbi lipinduavyo ngalawa. Lakini ngalawa ya Komoro, ilipofika Aprili 1999, ilikuwa imekwisha kupinduka, na kila kisiwa kinaogelea kivyake. Ndiyo maana usiku ule ulipita kimya: hapakuwa na mlinzi aliyeona kuna serikali ya kuifia. Damu ilikuwa imemwagika kabla, na nyingine ilikuja kumwagika baadaye.

Visiwa vinne, uhuru wa vitatu

Kwa watu wa pwani yetu, Komoro si ugenini. Visiwa vyake vinne, Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore, vimekaa kati ya kaskazini ya Msumbiji na Madagaska, na lugha zake ni ndugu wa Kiswahili. Mtu wa Unguja akimsikiliza Mngazija kwa makini, hudaka neno hapa na neno pale kabla sentensi haijamponyoka. Mwanachuoni Sayyid Ahmed bin Sumayt, kadhi wa Zanzibar aliyefariki 1925, alizaliwa Ngazija. Katika miaka ya 1960, chama cha ukombozi wa visiwa hivyo, MOLINACO, kilifanya kazi zake kutoka Dar es Salaam.

Ufaransa ilianza kwa kuichukua Maore mwaka 1841, na mwaka 1886 ikaviweka visiwa vingine chini ya himaya yake. Tangu 1912 hadi 1946 vyote vilitawaliwa kupitia Madagaska, kama kiambatisho cha barua ya mtu mwingine. Nzuani, ambayo Wafaransa huiita Anjouan, iligeuzwa mashamba ya langilangi, karafuu na vanila, na wenyeji wakasukumwa milimani. Kisiwa kidogo, watu wengi, ardhi imeshikwa na makampuni: tatizo hilo lilikuja kusema kwa sauti kubwa miaka mingi baadaye.

Tarehe 22 Desemba 1974 wananchi walipiga kura ya maoni. Kwa jumla, zaidi ya asilimia 94 walitaka uhuru. Maore peke yake, yapata asilimia 64 walikataa. Wanasiasa wa Moroni walihesabu kura za nchi nzima; Bunge la Ufaransa likataka zihesabiwe kisiwa kwa kisiwa. Ahmed Abdallah, tajiri wa biashara kutoka Nzuani, hakuwa na subira. Tarehe 6 Julai 1975 alitangaza uhuru bila kuingoja Paris. Bendera mpya ilikuwa na nyota nne, lakini iliyopepea kweli ilipepea juu ya visiwa vitatu.

1975 hadi 1996: kiti kisichokalika

Abdallah alidumu siku 28. Tarehe 3 Agosti 1975, akiwa Nzuani, alipinduliwa na kundi lililokuwa na Ali Soilih nyuma yake. Nayo yalikuwa mapinduzi ya kimya. Kumpata Abdallah mwenyewe, hata hivyo, kulihitaji nguvu, na aliyeitwa kuisaidia kazi hiyo alikuwa mamluki wa Kifaransa, Bob Denard. Kuanzia hapo historia ya Komoro haisimuliki bila mtu huyu.

Ali Soilih akashika urais mapema 1976 na kuanza kuvunja kila alichokiona ni mzigo. Aliwaachisha kazi watumishi wa serikali, akateketeza kumbukumbu za utawala, akapiga vita harusi kubwa za kifahari zinazompa mwanamume wa Ngazija heshima yake mjini, akawakabidhi vijana bunduki na madaraka. Denard alirudi tarehe 13 Mei 1978, safari hii kwa ajili ya Abdallah, akiwa na mamluki wapatao 50 waliotoka Ulaya kwa meli. Ali Soilih aliuawa kabla mwezi haujaisha.

Kwa miaka 11 Abdallah alikalia kiti, na Denard akamkalia Abdallah. Mamluki huyo alisilimu, akajiita Said Mustapha Mahdjoub, akaoa, akaongoza Kikosi cha Ulinzi wa Rais kilichokuwa na nguvu kuliko jeshi lenyewe. Novemba 1989 Abdallah alipigwa risasi ndani ya makazi yake, Denard akiwapo. Ufaransa ilimwondoa Denard mwezi uliofuata, naye akarudi Septemba 1995 na kumteka rais aliyefuata, Said Mohamed Djohar. Wiki moja baadaye majeshi ya Ufaransa yalishuka Ngazija, yakamkamata Denard na kumpeleka Djohar Réunion. Mohamed Taki Abdoulkarim alichaguliwa rais Machi 1996.

Hesabu ya mapinduzi na majaribio ya mapinduzi ilikuwa inakaribia 20. Ni hesabu inayochekesha mpaka ukumbuke watu wanaoishi ndani yake: mwalimu asiyelipwa kwa miezi, mgonjwa anayeambiwa anunue sindano mwenyewe.

3 Agosti 1997: Nzuani inaomba kutawaliwa

Kuuelewa usiku wa 1999 kunataka kwanza kusimama kisiwani Nzuani, ambacho mji wake mkuu ni Mutsamudu, na kutazama kusini mashariki. Maore iko umbali wa kilomita 70 hivi. Ng'ambo hiyo kulikuwa na mishahara ya Kifaransa, hospitali za Kifaransa na shule zenye vitabu. Mpaka mwanzoni mwa 1995 watu walikwenda na kurudi, kama ilivyokuwa desturi ya visiwa hivi karne na karne. Januari mwaka huo, serikali ya Waziri Mkuu Édouard Balladur ilianza kudai viza. Ndugu wakatenganishwa na mhuri. Waliokosa mhuri walipanda boti ndogo za uvuvi zinazoitwa kwassa-kwassa, jina la ule mchezo wa Kongo wa kutikisa nyonga, kwa jinsi boti hizo zinavyoyumba. Wengi hawakufika.

Upande wa pili ilikuwapo Moroni. Wanzuani walilalamika kwamba bandari yao inaingiza fedha na Ngazija inazila. Marais wawili wa mwisho, Djohar na Taki, walikuwa Wangazija. Katiba mpya ya Oktoba 1996 ilimwongezea rais mamlaka na kuvipunguzia visiwa uwezo wa kujiendesha. Mishahara ilichelewa, walimu waligoma, na katikati ya 1997 maandamano ya Nzuani yakaacha kudai mishahara, yakaanza kupandisha bendera ya Ufaransa.

Tarehe 3 Agosti 1997, miaka 22 kamili tangu mapinduzi ya kwanza, Nzuani ilijitangazia kujitenga. Mwali ikafuata baada ya siku chache. Afrika ilikuwa imeona majimbo mengi yakijitenga ili yawe huru; hawa walijitenga wakiomba warudishwe kwa mkoloni. Wapo waliowacheka, lakini mtu aliyeitazama Maore kutoka Nzuani angefikiri mara mbili kabla ya kucheka. Ufaransa, kwa vyovyote, iliwakatalia.

Taki akachagua bunduki. Mwanzoni mwa Septemba 1997 alituma askari wapatao 300 kuirudisha Nzuani. Walishindwa vibaya. Makumi ya watu waliuawa, wengi wao askari wa serikali, na wengine wakatekwa. Baadaye mwaka huo, katika kura ya maoni ya kisiwa, zaidi ya asilimia 99 walichagua uhuru, angalau kwa hesabu za walioisimamia.

Hapa ndipo jeshi la Komoro lilipojifunza jambo. Lilikuwa limetumwa kuvuka bahari na wanasiasa waliobaki Moroni, likarudi na majeneza na aibu. Azali, mtoto wa Mitsoudjé aliyesomea uofisa katika chuo cha kijeshi cha Meknès nchini Morocco, alikuwa mkuu wa jeshi hilo lililovunjika moyo wakati ulipofika usiku wa Aprili.

Wiki ya Antananarivo

Taki alifariki ghafla tarehe 6 Novemba 1998. Nafasi yake ilichukuliwa kwa muda na Tadjidine Ben Said Massounde, na mpinzani wa siku nyingi, Abbas Djoussouf, akawa waziri mkuu. Massounde alikuwa Mnzuani. Yaani nchi iliyogawanyika kwa sababu ya Nzuani iliongozwa na mtu wa Nzuani, akiwa Moroni, bila amri yoyote juu ya kisiwa alikozaliwa. Huko Nzuani kwenyewe makundi ya wanaotaka kujitenga yalianza kupigana wenyewe kwa wenyewe mwezi Desemba, na makumi ya watu wakafa.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ukawaita wote Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, kwa mazungumzo ya siku kadhaa katika nusu ya pili ya Aprili 1999. Mpango uliotokea ulikuwa wa busara. Nchi ingekuwa na muungano mwembamba katikati, kila kisiwa kijiendeshee mambo yake, na urais uzunguke kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Wajumbe wa Ngazija na Mwali waliukubali. Wa Nzuani walisema hawawezi kutia sahihi kabla ya kurudi kuwauliza watu wao.

Habari ilipofika Moroni, mji ulilipuka. Vijana walifunga barabara na kuanza kuwasaka watu wenye asili ya Nzuani, majirani zao wa miaka yote, wakiwafukuza warudi kwao. Familia zilikimbilia bandarini na mizigo waliyoweza kubeba, zikapakiwa kwenye vyombo kuelekea Mutsamudu. Wanaowajua Wakomoro wanajua jinsi visiwa hivi vilivyooana. Watu waliofukuzwa walikuwa mashemeji. Serikali ya muda haikuwa na nguvu za kuuzuia umati wala heshima ya kuusemesha.

Usiku wa kuamkia tarehe 30, askari walitoka.

Baada ya redio kuzungumza

Linganisha na mambo ya wiki hizo hizo kwingineko barani. Tarehe 9 Aprili, Rais Ibrahim Baré Maïnassara wa Niger alikuwa amepigwa risasi na walinzi wake mwenyewe katika uwanja wa ndege wa Niamey. Wiki moja baada ya Moroni, Rais Vieira wa Guinea-Bissau aliangushwa baada ya mapigano. Moroni haikusikia kitu cha namna hiyo. Hata kwa historia ya Komoro yenyewe ilikuwa ajabu: Ali Soilih aliuawa, Abdallah aliuawa, Djohar alitekwa, Taki alifia madarakani. Massounde alitoka akiwa hai.

Azali hakujificha nyuma ya maneno makubwa ya ukombozi. Hoja yake ilikuwa ya mtu wa zimamoto: mji unawaka, wenye nyumba wamelala, jeshi limeingia kuzima. Alisimamisha katiba, akatoa hati ya utawala wa mpito, na tarehe 6 Mei akala kiapo. Aliahidi pia kuyaheshimu makubaliano ya Antananarivo. Fujo za Moroni zilikoma. Hilo halina ubishi, na ndilo lililowafanya wakazi wengi waukubali utawala mpya kwa shingo upande badala ya kuupinga.

Ila hoja ya zimamoto ina tundu. Aliyekuwa na jeshi siku za ghasia ni nani? Mkuu wa majeshi ndiye huyo huyo Azali. Askari ambao hawakutosha kuzuia umati siku hizo walitosha kushika serikali tarehe 30.

Kwa OAU, Ijumaa ile ilikuwa fedheha. Wajumbe wake walikuwa ndiyo kwanza wamefunga mafaili ya Antananarivo. Umoja huo uliyalaani mapinduzi na kuwaondoa waangalizi wake visiwani. Katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Algiers, Julai 1999, viongozi waliamua kwamba serikali zilizoingia kwa njia zisizo za kikatiba zirudishe utaratibu wa katiba kabla ya mkutano unaofuata. Mwaka mmoja baadaye, mjini Lomé, uamuzi huo ukawa tamko kamili lenye utaratibu wa adhabu, na Komoro ikakosa nafasi mezani. Kanuni ambazo Umoja wa Afrika unazitumia leo dhidi ya wanajeshi wa Sahel zilitungwa miezi ile, na kanali wa Moroni alikuwa mmoja wa waliosababisha zitungwe.

Fomboni na nchi ya marais wanne

Mwaka mmoja wa ahadi ulikwisha Aprili 2000. Azali hakuondoka. Alisema Nzuani bado haijarudi, na kweli ilikuwa haijarudi, ingawa OAU ilikuwa imekiwekea kisiwa hicho vikwazo.

Tarehe 26 Agosti 2000, mjini Fomboni kisiwani Mwali, Azali alitia sahihi tamko pamoja na Luteni Kanali Said Abeid, aliyekuwa anaitawala Nzuani. Wanajeshi wawili walikubaliana kile ambacho raia walishindwa, labda kwa sababu hakuna kati yao aliyehitaji kumuuliza mtu. Februari 2001 makubaliano mapana zaidi, yenye vyama vya siasa na baraka za OAU, yalifikiwa mji huo huo. Agosti mwaka huo Said Abeid akapinduliwa, na Nzuani ikaangukia mikononi mwa ofisa wa polisi wa kijeshi, Mohamed Bacar. Hata hivyo gari liliendelea. Katiba ya Muungano wa Komoro ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 23 Desemba 2001.

Katiba hiyo ilikuwa Antananarivo ileile iliyovaa kanzu mpya: kila kisiwa na rais wake, na juu yao rais wa Muungano, kiti kikizunguka Ngazija, Nzuani, Mwali. Nchi ya watu wasiofika milioni moja ikawa na marais wanne, kila mmoja na walinzi, magari na mabishano yake kuhusu ushuru wa forodha. Azali alivua sare, akagombea, akatangazwa mshindi mwaka 2002.

Mei 2006 zamu ya Ngazija ilikwisha. Azali akamkabidhi madaraka Ahmed Abdallah Mohamed Sambi wa Nzuani, aliyeshinda uchaguzi. Tangu 1975 ilikuwa mara ya kwanza kwa rais wa Komoro kumpa mkono mrithi wake aliyechaguliwa na kwenda nyumbani. Kama hadithi ya kanali ingeishia hapa, angeandikwa kwa wino mwingine.

Machi 2008: Watanzania Mutsamudu

Bacar ndiye aliyekataa kwenda nyumbani. Muda wake ulipokwisha mwaka 2007 aliendesha uchaguzi wake mwenyewe kisiwani, akajitangaza mshindi. Mazungumzo yalishindikana. Jakaya Kikwete alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika mwaka 2008, na Tanzania ilikubali kutoa askari. Afrika Kusini ilinung'unika kwamba subira haijaisha. Alfajiri ya tarehe 25 Machi, wanajeshi wa JWTZ na wa Sudan, pamoja na jeshi la Komoro, walishuka Nzuani, na mji wa Mutsamudu ukashikwa bila upinzani mkubwa. Bacar alikimbilia Maore kwa boti, njia ileile ya maelfu ya raia wake, akapelekwa Réunion na hatimaye Benin. Wanaume wengi wa Dar es Salaam na Morogoro waliiona Nzuani kwa mara ya kwanza wakiwa na bunduki, wakashangaa kusalimiwa kwa maneno waliyoyaelewa nusu.

Miaka mitatu baadaye, Machi 2011, Maore ikawa rasmi mkoa kamili wa Ufaransa.

2016 hadi 2024

Zamu zilizunguka. Baada ya Sambi alikuja Ikililou Dhoinine wa Mwali, 2011. Mwaka 2016 kiti kilirudi Ngazija, na Azali akarudi nacho, akishinda kwa tofauti ndogo. Zamu ya Nzuani ilikuwa ifike 2021.

Haikufika. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba iliondolewa mamlaka yake, na tarehe 30 Julai kura ya maoni iliyosusiwa na wapinzani ikabadili utaratibu: rais aliyeko angeweza kugombea tena. Oktoba hiyo, wapinzani wenye silaha walijifungia ndani ya mji mkongwe wa Mutsamudu kwa siku kadhaa, na watu wasiopungua watatu walikufa kabla jeshi halijauchukua. Uchaguzi wa Machi 2019 ulimrudisha Azali Ikulu, nao pia ukaacha maiti. Novemba 2022 Sambi, yule aliyepewa mkono mwaka 2006, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uuzaji wa hati za kusafiria. Februari 2023 Azali alichukua uenyekiti wa Umoja wa Afrika, taasisi mrithi wa ile iliyomfungia mlango Lomé.

Uchaguzi wa Januari 2024 ulimpa ushindi tena. Moroni iliwaka siku mbili, vijana wakafunga barabara kama Aprili 1999, na angalau mtu mmoja akauawa. Mwaka huohuo mwanawe, Nour El Fath, alipewa ukatibu mkuu wa serikali wenye mamlaka mapana. Azali aliapishwa Mei. Kipindi hicho kinakwisha 2029, miaka 30 baada ya Ijumaa ile aliyoifuatishia ahadi ya mwaka mmoja.